Mzee anayepaliwa na maji, mapafu yaliyochoka, na suala la mpira wa kulishia

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 79. Zamani aliugua kifua kikuu akatibiwa akapona, na sigara aliiacha uzeeni. Tangu mwaka jana amekonda mno, kutoka kitandani hadi mlangoni anahema, na kila akinywa maji au chai anapaliwa. Akili yake iko sawa. Mwaka huu amelazwa mara mbili kwa nimonia. Hospitali walisema mapafu yamechoka na kumeza kwake si salama, wakashauri mpira wa kulishia puani. Kaka zangu wanataka awekewe, mimi sitaki. Mapafu ndiyo yanayomharibia kumeza, au kumeza ndiko kunakomharibia mapafu? Na sisi nyumbani tufanye nini?" (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana mzee anatoka wodini, anarudi tena wodini. Lakini kabla sijaeleza, kuna mambo mawili lazima yaondolewe njiani kwanza. Yakiwepo, ushauri wangu wote hapa chini hautamsaidia.

La kwanza, ni majimaji yanayomsumbua au vitu vigumu? Umeandika maji na chai. Mtu anayepaliwa na maji, anayekohoa papo hapo na sauti ikabaki kama ina maji ndani yake, kwa kawaida tatizo lake liko kooni. Lakini mzee anayesema tonge linakwama huku akigusa kifua, aliyeanza kushindwa nyama, ikafuata ugali, sasa hata uji unapita kwa shida, huyo tatizo lake liko kwenye umio, ule mrija wa kushusha chakula tumboni. Huku kwetu hilo halichezewi. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Kama baba ana dalili hizo hata kidogo, aombewe endoskopi, kile kipimo cha kamera, kabla ya mjadala wowote wa uji mzito au mwepesi.

La pili, mtu aliyewahi kuugua TB, ambaye sasa anakonda na anakohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe makohozi upya. Kulazwa kwa nimonia hakumaanishi kwamba TB iliangaliwa. Ulizeni waziwazi kama makohozi yalipelekwa kwenye mashine ya GeneXpert na majibu yalikuwaje.

Tuseme hayo yote yameangaliwa na hayapo. Sasa turudi kwenye swali lako.

Hewa na chakula vinaingilia mahali pamoja, kisha nyuma ya ulimi njia zinaachana: ya mbele inashuka mapafuni, ya nyuma inashuka tumboni. Kila tunapomeza, pumzi inakatwa kwa muda wa kama sekunde moja. Kikoromeo kinapanda juu na mbele, njia ya hewa inafungwa, tonge linapita nyuma yake. Kisha wengi wetu hutoa pumzi kwanza kabla ya kuvuta nyingine, na hiyo pumzi ya kutoka ndiyo inayopuliza nje chembe yoyote iliyobaki mlangoni.

Mchukue sasa mzee anayehema mara 28 kwa dakika. Pumzi yake nzima, kuvuta na kutoa, inachukua kama sekunde mbili. Kumeza kunamdai nusu ya pumzi hiyo, na yeye hana cha kukopesha. Anafungua njia mapema, au anameza na hapohapo anavuta hewa badala ya kuitoa, na kilichobaki kooni kinavutwa pamoja nayo. Hapo mapafu ndiyo yanaharibu kumeza. Jambo hili linaonekana hasa kwa watu ambao njia zao za hewa zimebana kwa muda mrefu, iwe kwa sigara, kwa moshi wa kuni au kwa makovu ya TB.

Upande wa pili, kila nimonia inamlaza kitandani, na kitanda kinakula misuli. Ulimi na koo ni misuli kama mapaja. Mzee aliyepoteza mapaja amepoteza na nguvu za ulimi, ila za ulimi hatuzioni. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja alama tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua zaidi ya kilo 4.5 kwa mwaka bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kukamata, kutembea polepole, na kutojishughulisha. Akiwa na tatu anahesabika kuwa dhaifu. Kwa maelezo yako sidhani kama baba anakosa tatu. Tena udhaifu huohuo umeingia kwenye misuli ya kukohoa. Kwa hiyo tone likiingia, hana nguvu ya kulitoa.

Hapa ndipo ningependa familia yenu isimame kidogo, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba kupaliwa ndiyo nimonia. Sivyo. Karibu nusu ya watu wazima wenye afya njema huvuta mate kidogo mapafuni wakiwa usingizini, na asubuhi wanaamka wanaenda kazini. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 189 waliofuatiliwa ili kujua nani hasa anapata nimonia. Shida ya kumeza ilikuwemo, lakini peke yake haikutosha. Waliougua zaidi ni wale waliokuwa wanalishwa na mtu mwingine, waliokuwa hawawezi kujisafisha kinywa, wenye meno mengi yaliyooza, wanaolishwa kwa mpira, wenye magonjwa mengi na dawa nyingi, na wavutaji wa sigara. Maana yake ni kwamba tone linaloteleza lina uzito wake, lakini uzito mkubwa zaidi uko kwenye kile tone lilichobeba, na kwenye uwezo wa mzee kulirudisha nje.

Kwa hiyo nikiruhusiwa kuagiza kitu kimoja tu kwa nyumba yenu, ningeagiza mswaki. Huko Japani, katika nyumba 11 za kutunzia wazee, watafiti waligawa wazee makundi mawili. Kundi moja lilisafishwa kinywa kila baada ya chakula, jingine likaachwa na utaratibu wake wa kawaida. Baada ya miaka miwili, asilimia 19 ya walioachwa walikuwa wamepata nimonia, dhidi ya asilimia 11 ya waliosafishwa. Nisikufiche, utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia mswaki pamoja na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, haukuona faida hiyo. Hata hivyo mswaki ni wa bei ndogo, haumdhuru mtu, na mdomo msafi unamrudishia mzee ladha ya chakula. Mimi nauagiza kila mara.

Namna ya kufanya ina maana kuliko aina ya dawa ya meno. Mketishe wima, uso uelekee mbele au chini kidogo, beseni mapajani. Mswaki laini, dawa ya meno kiasi cha punje ya maharage au hata pungufu, kwa sababu povu jingi ndilo litakalompalia. Sugua meno, kisha fizi, kisha ulimi ukianzia nyuma kuja mbele. Atemee kwenye beseni. Kama hawezi kutema, funga kitambaa safi chenye unyevu kwenye kidole chako upanguse mashavu kwa ndani, maana uji huwa unajificha hapo, kati ya shavu na fizi, mpaka usiku. Asiye na meno hasamehewi, fizi zake zinasuguliwa vilevile. Meno ya bandia yanatolewa wakati wa kulala. Ukiona utandu mweupe usiotoka kirahisi kwa kupangusa, hasa kama anatumia dawa ya kifua ya kuvuta kwa mdomo, mpelekeni akapewe dawa ya fangasi. Na kila baada ya dawa ya kuvuta asukutue mdomo au apanguswe.

Kikohozi chake msikizime. Naomba hili ulisome kwa sauti mbele ya kaka zako. Dawa za kikohozi za dukani zenye kodeini, au zenye klorfeniramini inayosinzisha, zinamnyang'anya mzee kinga aliyobaki nayo. Anatulia, familia inashukuru, na usiku mate yanashuka mapafuni bila upinzani. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za usingizi kama diazepamu, na za kutuliza akili kama haloperidoli. Amitriptilini nayo inakausha mdomo. Kama anatumia mojawapo, msiikate wenyewe. Mrudini aliyeiandika mkamweleze kwamba mzee anapaliwa.

Kikohozi chenyewe kinaweza kupimwa. Kile kifaa cha kupuliza cha kliniki za pumu kinaweza kutumika kwa kukohoa ndani yake kwa nguvu. Katika wagonjwa wa misuli, ambako viwango hivi vilitoka, chini ya lita 160 kwa dakika kikohozi hakisafishi mapafu, na chini ya 270 mtu anaweza kuzidiwa akipata ugonjwa wa kifua. Kwa baba hizo namba zichukuliwe kama mwongozo tu. Mwombeni pia daktari kipimo kamili cha kupuliza, yaani spirometria, TB ikishathibitishwa kuwa haipo. Kikionyesha njia za hewa zimebana na zinafunguka kwa dawa, basi mna bahati: dawa ya kuvuta ya kufungua kifua akiipata kama dakika 15 au 20 kabla ya kula, ataketi mezani akiwa na pumzi ya kutumia.

Sasa mlo wenyewe. Anza kwa kuhesabu anavyohema akiwa ametulia, dakika nzima, siyo robo dakika ukazidisha kwa nne. Ikizidi 25, msubiri apumzike. Ikikaribia 30, mlo huo uahirishwe. Na ikibaki juu ya 25 hata baada ya kupumzika, na si kawaida yake, hiyo ni safari ya hospitali. Asile akiwa ametoka tu kuoga au kutembea. Mlo mdogo mara tano au sita kwa siku unamfaa kuliko sahani tatu kubwa, kwa kuwa kutafuna nako ni kazi, na anapochoka katikati ya sahani ndipo hatari inaanza.

Aketi kwenye kiti, mgongo wima, miguu ikigusa chini. Wewe nawe keti. Anayelisha akiwa amesimama anamlazimisha mzee kuinua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa inabaki wazi zaidi. Ndiyo sababu kikombe chembamba ni kibaya: kikifika nusu, lazima arudishe kichwa nyuma. Tumia kikombe kipana au bakuli. Kijiko cha chai, nusu tu. Mletee kwa mbele chini ya usawa wa mdomo, afunge midomo mwenyewe, usimkwangulie chakula kwenye meno ya juu. Kisha acha kumtazama mdomo, mtazame shingo. Kikoromeo kipande na kushuka. Mara nyingi kinapanda mara ya pili, maana tonge la kwanza halikuisha. Subiri. Hapo mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa safi, endelea. Ikiwa na maji ndani yake, akohoe, ameze tena, ndipo kijiko kingine. Msimsemeshe huku anatafuna, na redio izimwe. Akimaliza abaki ameketi angalau nusu saa.

Kutokukohoa kusikupe amani. Kwa wazee dhaifu koo linaweza kupoteza hisia, tone likaingia kimyakimya. Huyo utamgundua kwa sauti iliyolowa, kwa machozi yanayomtoka akila, kwa pumzi inayoongezeka baada ya mlo, au kwa kupungua uzito bila maelezo. Hospitali wana jaribio la kunywesha maji mililita 90 mfululizo huku wakimwangalia. Lifanyike huko, mikononi mwa anayejua, nyumbani hapana.

Vyakula vinavyowashinda wazee hawa ni vile vyenye mambo mawili ndani yake: supu nyepesi yenye vipande vya nyama, mkate uliochovywa kwenye chai, wali unaoelea kwenye mchuzi, chungwa na tikiti. Mdomo unashughulika na kigumu, majimaji yanatangulia. Karanga za kukaanga na maganda ya maharage yaacheni kabisa. Ugali mkavu unanata. Ugali laini, tonge dogo, ukiteleza kwa mlenda au bamia, mara nyingi unapita. Mtori uliosagwa vizuri, viazi vitamu vya kuponda, parachichi, mtindi, mayai ya kuvurugwa yakiwa bado na unyevu, samaki aliyetolewa miba yote na kupondwa kwenye mchuzi mzito, hivyo ndivyo vya kwake. Uji mtupu msimtegemeze. Mzee wa kilo 50 anayeugua anahitaji gramu 60 hadi 75 za protini kwa siku, isipokuwa kama figo zake zina shida. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8. Uji uwe na maziwa, siagi ya karanga laini na, akipenda, dagaa waliosagwa unga.

Je, maji yafanywe mazito? Hapa wataalamu wenyewe tumepunguza kelele. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa matokeo mwaka 2008, la wagonjwa 515 wenye ugonjwa wa kusahau au wa Parkinson (ule wa kutetemeka), lililinganisha majimaji mazito na maji ya kawaida yanayonywewa kidevu kikiwa kimeinamishwa. Kwa miezi mitatu nimonia haikutofautiana kwa maana, na waliopewa mazito walikaukiwa maji mwilini zaidi. Mimi huanza na kidevu chini na mafunda madogo. Maji yakiendelea kumpalia, ndipo naongeza uzito kidogo tu.

Mkilazimika, pimeni msikadirie. Chukua bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo mistari yake kutoka 0 hadi 10 ina urefu wa karibu milimita 61, ondoa sindano, ziba tundu kwa kidole, jaza kinywaji hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Maji ya kawaida yatakuwa yameisha. Kikibaki kati ya 1 na 4 ni kizito kidogo sana, kati ya 4 na 8 ni kizito kiasi, zaidi ya 8 ni kizito cha kuliwa kwa kijiko. Pimeni kikiwa na joto lilelile atakalokinywea, maana uji ukipoa unaganda. Na kuna kitu wengi hawakijui: mate yanavunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini mara kadhaa, uji uliokuwa mzito mwanzo wa mlo unakuwa mwepesi mwishoni, na mzee anapaliwa na kilekile alichokuwa anakimeza. Mimina kidogokidogo kwenye bakuli la pili.

Vidonge avimeze na mtindi au ndizi iliyopondwa, siyo maji. Ila msisage chochote kabla ya kumuuliza mfamasia, kuna vidonge vya kutoa dawa polepole ambavyo vikisagwa vinaleta dozi yote kwa mpigo.

Kuhusu nguvu: atoke kitandani kila siku, hata kama ni kukaa kibarazani. Asimame na kuketi kitini mara chache, mara kadhaa kwa siku. Apulize pumzi kwa nguvu kama anayetoa ukungu kwenye kioo, mara tano, apumzike, arudie. Kuna vifaa vya kupulizia vyenye upinzani ambavyo kwa wagonjwa wa Parkinson vilisaidia usalama wa kumeza baada ya wiki nne. Mkipata mtaalamu wa tiba ya viungo anayevijua, vizuri.

Tumefika kwenye mpira. Mimi niko upande wako, lakini si kwa sababu zote ulizonazo moyoni. Mpira unapeleka chakula tumboni. Mate hauyazuii, na cha tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hakuna ushahidi mzuri kwamba unamkinga mzee dhaifu na nimonia, na kwa waliofikia hatua za mwisho za ugonjwa wa kusahau, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilishauri mwaka 2014 usitumike, walishwe kwa mkono kwa uangalifu. Mpira una mahali pake: kiharusi kipya kinachotarajiwa kupona, au siku chache za ugonjwa mkali ambapo mtu hawezi kula kabisa. Kama baba atalazwa tena na hawezi kumeza chochote, kuuweka kwa wiki moja au mbili, tarehe ya kuutathmini ikiwa imeandikwa kwenye faili, ni jambo ninaloweza kulitetea. Kuuweka sasa, wakati anakula, ili familia ipate usingizi, sioni faida yake.

Lakini wewe na kaka zako mnabishana juu ya mtu ambaye akili yake iko sawa. Muulizeni. Mwelezeni kwamba kula kwa mdomo kuna hatari ya nimonia nyingine, na kwamba mpira hauondoi hatari hiyo na unamnyima ladha. Anachokichagua kiandikwe kwenye faili lake la hospitali, ili daktari wa zamu wa usiku asianze upya.

Wakati huohuo, mpelekeni siku hiyohiyo kama anahema zaidi ya 25 akiwa ametulia na si kawaida yake, kama oksijeni inayopimwa kwa kile kifaa cha kubana kidoleni imeshuka chini ya asilimia 90 au imeshuka wazi kutoka kiwango chake cha kila siku, midomo imekuwa ya bluu, amechanganyikiwa ghafla, analala mchana kutwa au amekataa kula kwa siku nzima. Msisubiri homa. Wazee dhaifu wengi hupata nimonia joto la mwili likiwa la kawaida kabisa, na mara nyingi kuchanganyikiwa ndiyo dalili ya kwanza inayoonekana nyumbani.